Kifaransa cha jioni: uanzie darasa gani?

Najua nimekuwa adimu hapa kibarazani. Kazi zimebana, na jioni mbili kila wiki siko nyumbani wala sipo kijiweni. Niko darasani najifunza Kifaransa. Ndiyo, mtu mzima na daftari langu na kalamu mbili.

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja, naye mwandishi, alinipigia simu. "Kaka, nimeona kuna kozi za jioni za Kifaransa. Nilikisoma kidogo sekondari. Sasa nianzie ngazi gani?" Nikaanza kumjibu, salio lake likaisha kabla sijafika hata nusu. Nimeona bora niandike hapa, maana huenda na wewe unayesoma unalifikiria jambo hilo hilo. Jibu lenyewe lina aibu ndani yake, tena aibu yangu. Lakini nitasema tu.

Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mimi naandika habari za biashara, na kwa anayeandika habari za biashara akiwa Dar es Salaam, Kongo si nchi ya mbali. Mizigo yao inashuka bandarini kwetu, inapanda malori, inapita Morogoro na Mbeya, inavuka Tunduma, inakatiza Zambia mpaka Kasumbalesa, halafu Lubumbashi. Taarifa za serikali yao zinatoka kwa Kifaransa. Nyaraka za forodha, Kifaransa. Asubuhi moja kwenye kikao cha habari mhariri akauliza nani kati yetu anakijua Kifaransa. Mkono mmoja ukanyooka. Ulikuwa wangu.

Nilichokuwa nakijua ni Kifaransa cha kidato cha kwanza na cha pili. "Bonjour, je m'appelle..." pamoja na wimbo wa siku za wiki. Zaidi ya miaka kumi ilikuwa imepita. Lakini mkono ukishanyooka mbele ya wenzako, kuushusha ni kazi! Nikajiambia nitajiandikisha kozi ya jioni haraka haraka, hakuna atakayejua.

Nikaenda shule moja hapa mjini, siitaji jina kwa sababu kosa halikuwa lao. Dada wa mapokezi akaniambia kuna jaribio la kupangiwa darasa, lina sehemu mbili. Ya kwanza unafanya kwenye kompyuta, unachagua jibu sahihi kati ya manne. Ya pili unakaa na mwalimu dakika kumi mnaongea. Nikafanya ile ya kompyuta. Ile ya mwalimu nikamwambia nina habari ya kuwahi chumba cha habari, naomba anipange tu kwa matokeo niliyopata. Akanitazama, akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Matokeo yalikuwa B1.

Hapa nisimame kidogo kwa wale ambao hizi herufi ni ngeni kwao. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilichapisha mfumo wa kupima lugha wenye ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. A1 ni mtu anayeweza kujitambulisha, kuuliza na kujibu maswali mepesi kuhusu anapoishi na anachofanya, mradi mwenzake aongee taratibu. A2 anamudu mambo ya kila siku: dukani, familia, kazi, njia. B1 anaweza kusafiri bila kupotea, kusimulia yaliyompata na kutoa sababu za maoni yake. B2 anabishana na wenye lugha yao bila kuwachosha. C1 na C2 ni za wakubwa, tuwaachie wenyewe.

Kwa hiyo B1 ina maana ningeweza kusimulia jana nilifanya nini. Wadau, sikuweza! Sasa nilifaulu vipi?

Nilikuja kugundua baadaye. Nilifaulu kwa Kiingereza. Sisi tuliosoma sekondari na chuo kwa Kiingereza tunapoona Kifaransa kilichoandikwa tunakutana na ndugu wengi: information, situation, gouvernement, transport, document. Unakisia, unapatia. Jaribio la karatasi au la kompyuta linapima macho yako, na macho ya msomi wa Kiingereza yanapendelewa mno na Kifaransa. Masikio hayapendelewi hata kidogo. Parle, parles, parlent: maneno matatu, tahajia tatu, sauti moja tu! Sisi lugha yetu tunaiandika kama tunavyoitamka, tunafika pale tunadhani na wenzetu wanafanya hivyo.

Usiku wa kwanza darasani B1 tulikuwa kumi na wawili. Mwalimu akatusikilizisha mazungumzo ya redio, dakika mbili hivi. Katikati wenzangu wote wakacheka. Nikacheka nao. Mpaka leo sijui tulicheka nini. Kisha mwalimu akanigeukia, "Et vous, qu'est-ce que vous en pensez?" yaani na wewe unaonaje. Nikajibu, "Oui." Wakacheka tena, safari hii nilijua kwa nini.

Unadhani niliondoka? Nilikaa. Ada ilikuwa karibu theluthi ya mshahara wangu. Tena kila nilipofikiria kwenda mapokezi kusema nishusheni, niliona uso wa yule dada. Nikawa nakaa nyuma karibu na feni, nanakili kila kitu ubaoni kwa mwandiko mzuri sana. Wiki sita.

Halafu ikaja siku yenyewe.

Ilikuwa mwaka 2023. Foleni ya malori ilikuwa imefungamana Kasumbalesa, na wenye malori hapa Dar walikuwa roho juu. Mhariri akanikumbuka. "Wewe si ndiye mtu wetu wa Kifaransa? Mpigie mtu kule." Nikapata namba ya wakala wa mizigo wa Lubumbashi. Akapokea, nikajitambulisha kwa Kifaransa nilichokiandika kwenye karatasi. Yule bwana, mstaarabu kabisa, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao: "Papa, tuongee tu Swahili, tutasikilizana."

Wadau, Lubumbashi wanaongea Kiswahili! Kila mtu anajua hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa najua. Lakini nyuma yangu mhariri alikuwa amesimama na kikombe cha chai, anasikiliza. Nikasema, "Non, non, monsieur, en français."

Basi akaongea Kifaransa. Haraka, kama mtu anavyoongea kwa simu akiwa kazini. Nikaokota maneno mawili matatu. Nilisikia "plus de blocage", nikaandika: vizuizi zaidi. Nilisikia "sept... camions", nikaandika: malori saba yamepita. Nikashukuru, nikakata simu. Habari ikatoka kesho yake: malori saba tu yavuka, vizuizi vyaongezeka.

Alichosema yule bwana ni kwamba hakukuwa tena na kizuizi, na malori sabini yalikuwa yamekwisha pita.

Nieleze, maana hapa ndipo penye somo. Neno "plus" lina nyuso mbili. Likitamkwa bila s ya mwisho kwenye sentensi ya kukanusha, maana yake ni "hakuna tena". Likiwa na maana ya "zaidi", mara nyingi ile s inasikika. Kwenye maandishi utaona "il n'y a plus", ile n' inakuonya kwamba hapa tunakanusha. Kwenye mazungumzo ya haraka watu huimeza ile n', inabaki "y a plus". Mwenye sikio anajua. Mwenye macho tu, kama mimi, anaangamia. Na ile namba? Kitabu chetu cha darasani kilifundisha kwamba sabini ni soixante-dix, yaani sitini na kumi. Hivyo ndivyo wasemavyo Ufaransa. Lakini Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, na wao sabini ni septante, tisini ni nonante. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno septante maishani. Nikasikia "sept", saba, kilichobaki nikadhani ni kelele za laini.

Saa nne asubuhi simu ya chumba cha habari ikalia, nikaitwa. Alikuwa mama mmoja mwenye malori matatu, yadi yake iko Tabata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii habari ya Kasumbalesa umeiandika wewe?"

"Ndiyo mama."

"Dereva wangu alikuwa Tunduma yuko tayari kuvuka. Nikasoma gazeti, nikamwambia asubiri. Sasa hivi mwenzake kanipigia yuko Lubumbashi anashusha mzigo. Anasema njia nyeupe tangu juzi. Wewe uliongea na nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Dereva alikuwa amepoteza nafasi yake kwenye foleni ya Tunduma. Kuipata tena ilimchukua siku mbili, na siku mbili za lori lililosimama ni hela ya maegesho, posho ya dereva na utingo, pamoja na mwenye mzigo anayepiga simu kila saa. Gazeti liliomba radhi kesho yake, ukurasa wa pili, mistari minne. Mhariri hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukuongea naye Kiswahili?" Ningependelea angenigombeza.

Jumamosi nilikwenda Tabata kumwomba radhi yule mama ana kwa ana. Alinipa soda. Dereva wake alikuwa amerudi, tukakaa naye kivulini. Ni mtu wa makamo, elimu yake darasa la saba, njia ya Kongo ameipita kwa miaka. Nikamwambia yaliyonipata. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Septante! Nonante! Hizo si ndizo tunazohesabia pale mpakani?" Akaanza kunihesabia kwa Kifaransa, moja mpaka mia, bila kusita. Akaniigizia askari wa forodha, akajiigiza na yeye anavyomjibu. Nikamwonyesha karatasi ya Kifaransa niliyokuwa nayo mfukoni. Akaigeuza geuza, akanirudishia. "Ya kusoma hapana, kaka. Hiyo ya kwenu."

Nilirudi nyumbani na mwendokasi nikimuwaza yule dereva. Ile kompyuta ya mapokezi ingempa A1, labda isimpe kitu kabisa. Mimi ilinipa B1. Na kati yetu wawili ni yeye ambaye angeweza kupiga ile simu.

Jumatatu nikaenda shuleni mapema, nikamwomba mwalimu zile dakika kumi nilizozikimbia. Akaniuliza jana nilifanya nini. Nikasema, "Hier, je travaille." Sawa na kusema jana ninafanya kazi. Akaniuliza mambo mengine mawili, kisha akafunga daftari lake. Akaniambia kusoma kwangu ni kwa B1 kweli, kuandika labda A2, lakini kusikia na kuongea ni A1, tena nusu ya kwanza ndiyo nimeishika, ya pili bado. Akasema darasa huchaguliwa kwa kile ulicho dhaifu kuliko vyote, ikiwa hicho ndicho unachokihitaji. "Wewe unahitaji nini?" Nikasema simu. Nahitaji kuongea kwa simu. Akasema basi umejibu.

Nikashuka mpaka A1, nusu ya pili.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu aliyeishiwa salio. Kaka, haya ndiyo ningekuambia.

Kwanza, usikwepe mahojiano ya mdomo. Shule ikikupima kwa karatasi peke yake, omba wewe mwenyewe dakika kumi na mwalimu. Kwa sisi wasoma Kiingereza karatasi itatupandisha tu.

Pili, sema unakitaka Kifaransa cha kazi gani. Darasani kwangu sasa kuna mzee mstaafu ambaye binti yake ameolewa Ubelgiji na wajukuu hawajui Kiswahili. Anataka aongee nao kwenye simu, awaulize wamekula nini, shule vipi. A1 na A2 zinamtosha, na anafurahi kuliko sisi wote. Kuna dada muuguzi anayetaka kwenda kusoma Ufaransa kwa Kifaransa. Huyo vyuo vingi vitamdai B2. Ni ngazi mbili tofauti, ni safari mbili tofauti, ingawa leo wamekaa benchi moja.

Tatu, piga hesabu ya saa kabla hujalipa. Makadirio yanayotumika sana kwa Kifaransa ni kwamba A1 inahitaji saa 60 mpaka 100 za darasani. Kufikia A2, tangu sifuri, ni kama 160 mpaka 200. B1 ni 360 mpaka 400. B2 ni 560 mpaka 650. Kozi ya jioni ya mara mbili kwa wiki, saa mbili mbili, ni saa nne. Gawanya. Kufika B1 ni wiki 90, mwaka mmoja na miezi tisa bila kuumwa wala kuchelewa kwa sababu ya foleni ya Ubungo. B2 ni wiki 140. Yule dada muuguzi alipopiga hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akaenda kuuliza kozi za kila siku. Bora kunyamaza siku hiyo kuliko mwaka wa pili.

Nne, usidanganywe na herufi. Kila shule inazikata ngazi hizi vipande kwa namna yake. A1.2 ya hapa si lazima iwe A1.2 ya pale. Uliza wanatumia kitabu gani na wako sura ya ngapi, kisha ufungue sura hiyo ukiwa umesimama pale pale. Kama unaelewa kila kitu, panda. Kama huelewi hata maagizo ya zoezi, shuka. Kama maagizo unayaelewa lakini zoezi linakutoa jasho, kaa hapo, umefika.

Tano, uliza mwisho wa kuhama darasa ni lini. Mimi ningeuliza wiki ya kwanza, wiki tano za kukaa karibu na feni zingepona.

Na kama una mpango wa kufanya mtihani wa DELF, ile hati ya serikali ya Ufaransa, jua kwamba una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Kila moja ina alama 25. Unahitaji 50 kati ya 100 ili ufaulu, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka, hata kama nyingine zote uling'ara. Unaweza kufanya B1 bila kupitia A1 wala A2, hawakulazimishi. Ila ukifika na macho yako tu, bila masikio, ile 5 itakungoja mlangoni.

Jambo moja la kutia moyo. Watu wanalalamika Kifaransa kina jinsia mbili, meza ni ya kike, kitabu ni cha kiume. Sisi wenye ngeli za KI-VI, LI-YA na U-ZI tunalalamika nini hapo?

Sasa niko A2. Mwezi uliopita nilimpigia tena yule wakala wa Lubumbashi, safari hii kuhusu ushuru. Tulianza kwa Kiswahili. Nilipopata nilichokihitaji, nikamwomba anirudie zile tarakimu kwa Kifaransa, polepole, "plus lentement, s'il vous plaît." Akanirudia. Nonante-deux. Nikaandika 92, kisha nikamuuliza kwa Kiswahili kama ni tisini na mbili.

"Ni yenyewe, papa," akasema.

Nikamshukuru. Kabla ya kupeleka habari nilimpigia na dereva wa Tabata, nikamsomea.

Fomu ya muhula ujao imeshatoka. Mwalimu amesema nikitaka naweza kujaribu B1. Nimemwambia anipime kwanza, kwa mdomo.

Haya wadau, kama na wewe umewahi kukaa darasa lisilo lako, karibu usimulie. Alamsiki.